Fahali Aliyekataa Kuguna

Kwetu Limi, bonde la juu milimani, ndugu wakiwa wawili huoa mke mmoja, ili shamba la shayiri lisikatwe vipande. Kwa hiyo wazee walipompelekea Lhazom posa, walimpelekea ya watu wawili: kaka yangu Paljor, na mimi Lhundrup, niliyekuwa na miaka kumi na tisa na meno yangu yote. Lhazom alitukagua mmoja baada ya mwingine kama anavyokagua ndama, akasema, "Huyu mkubwa namchukua. Huyu mdogo ana maneno mengi, mrudisheni kwao."

"Kwao ndiyo hapa hapa," mjomba akamwambia.

"Basi akalale na yaki."

Huu ni mwaka wa arobaini na moja. Kaka yangu alishafariki, mimi ni shemeji yule yule, na hema langu bado liko upande wanaolala yaki, ng'ombe wetu wa manyoya marefu. Nayasema haya mapema ili asije mtu akadai nilificha kinyongo. Kinyongo ninacho. Lakini hata mwenye kinyongo akiulizwa hana budi kusema kweli, na kweli ni kwamba kuanzia hapa mpaka mpakani hakuna mchungaji anayemfikia Lhazom.

Sifa yake kubwa ni majina. Ndama akishamaliza baridi yake ya kwanza, mwenyewe humpeleka kwa Lhazom apewe jina. Lhazom hukaa juu ya jiwe na pia yake ya kusokotea manyoya, akamtazama huyo ndama nusu siku nzima bila kusema neno. Anatazama paji la uso, anatazama pembe zinavyochomoza, anatazama kama huyo ndama huwapisha wenzake majini au huwasukuma. Kisha hunyanyuka, huinama sikioni mwake, akamwambia jina lake yeye kwanza kabla ya kutuambia sisi. Ndiyo maana bondeni kwetu kuna Kidevu-cha-Lama, kuna Mla-Kamba, kuna Haraka-ya-Nini. Jirani yetu Dargye aliwahi kujifanya mjuaji, akamwita ndama wake Shujaa bila kumpitisha kwa Lhazom. Siku ya tatu Shujaa alitumbukia mtaroni, ikabidi tumvute watu sita.

"Jina limempwaya," Lhazom akasema. "Anatembea ndani yake anajikwaa."

Akampa jina la Polepole, na Polepole yu hai mpaka leo, mnene, hana neno na mtu.

Sasa nije kwa Pua-Jivu. Miaka tisa iliyopita, msimu wa kupandana, drong alishuka kutoka malisho ya kaskazini. Drong ndiye yaki wa porini: mweusi, mdomo na pua kama vimepakwa majivu, mrefu kiasi kwamba yaki wetu wakisimama karibu yake wanaonekana kama hawajamaliza kukua. Alimpiga pembe fahali wa Dargye akamkimbiza, akapita katikati ya hema langu nikiwa nimo ndani, akakaa na majike ya Lhazom siku kumi na moja kama bwana harusi. Hatukumfukuza. Nani amfukuze drong, na kwa nini? Damu yake ni zawadi. Kisha akaondoka bila kuaga.

Kiangazi kilichofuata, jike mmoja aitwaye Mpiga-Domo, ambaye hakuna siku aliyonyamaza tangu azaliwe, alizaa ndama dume mwenye pua ya kijivu. Lhazom alimzalisha peke yake, juu huko kwenye mawe, mvua ya mawe ikimpiga mgongoni. Na huyo ndama, mtoto wa mama mwenye domo lile, hakuguna. Njaa ilimshika, hakuguna. Mbwa mwitu walimzunguka, hakuguna. Yaki wa kufugwa huguna mchana kutwa: anaguna akiita ndama, anaguna akidai chumvi, anaguna tu kwa kuwa mwenzake ameguna. Huyu akakua akawa fahali wa kutisha, kimya kama gunia.

Lhazom hakumtoboa pua apitishe kamba, wala hakumtia alama sikioni. "Mtoto wa drong hatobolewi," alisema. Nilimwambia hayo ni maringo. Akaniambia kama wanaotobolewa ni wenye maringo, angeanza na mimi, tundu zote mbili za pua. Kwa hiyo Pua-Jivu alitembea huru, akifuata mfuko wa chumvi wa Lhazom kokote ulikoenda.

Na alikuwa na kazi moja ambayo hakuna mwingine angeiweza. Kila mwisho wa vuli lazima tuvuke kipito cha mlimani kwenda malisho ya baridi, na siku hizi theluji haina adabu, inaanguka inapotaka. Pua-Jivu hutangulia, akaipasua theluji kwa kifua kama mtu anayefungua mlango kwa bega, na wengine wote hupita katika mtaro anaouacha. Miaka mitatu nyuma theluji iliua yaki wengi. Lhazom alikuwa nao arobaini na sita, akabaki na ishirini. Hata hao ishirini walivuka kwa sababu ya Pua-Jivu.

Baada ya msiba ule, binti yake Chhimi alikuja kutoka Kathmandu. Akamwambia, "Mama, mwaka utakaoshindwa kuvuka kwa nguvu zako mwenyewe, unauza wote unakuja kukaa kwangu. Niahidi." Lhazom akaahidi, maana Chhimi alikuwa analia. Chhimi ana nyumba ya ghorofa na moyo mzuri. Lakini yaki ukimshusha nchi za chini huugua, pafu lake kubwa linakosa la kufanya na manyoya yake yanampika akiwa hai, na Lhazom ni hivyo hivyo. Aliwahi kwenda siku tisa, akarudi amevimba miguu, akasema kule hewa ni nzito kama uji na hakuna anayejua jina la mtu.

Ndivyo mambo yalivyokuwa pale Sirjana alipofika.

Alikuwa msichana wa Kathmandu, mtaalamu wa wanyama, amekuja kuhesabu drong. Amepanda siku sita kwa miguu, midomo imepasuka, kichwa kinamuuma kwa ule urefu, lakini hajalalamika hata mara moja, na hilo tulilipenda. Lhazom alikuwa juu anakamua. Mimi ndiye niliyemkaribisha mgeni hemani, nikamtilia chai ya siagi. Dargye akaja, na wanaume wengine watatu wakaja, maana habari za msichana mwenye darubini hazikai mahali.

"Kwani huyu mnyama vitabuni mwenu anaitwaje?" Dargye akauliza.

Sirjana akatueleza. Alisema jina la kitaalamu la yaki wa kufugwa, lile la Kilatini, maana yake ni ng'ombe mgunaji, na lilitolewa zaidi ya miaka mia mbili na hamsini iliyopita na msomi wa Ulaya aliyekuwa nyumbani kwake, kwa kusoma maelezo ya msafiri mwingine aliyemwona mnyama huyo Siberia.

"Hajamwona?" nikauliza.

"Inasemekana hajamwona, mzee."

"Hajamnusa hata?"

"Wala kumnusa."

Dargye alicheka mpaka chai ikamtokea puani. Mtu kumpa jina mnyama asiyemnusa! Na si hilo tu. Sirjana alisema dunia nzima inawaita wote yaki, dume na jike, ilhali kwetu yaki ni dume peke yake na jike ni dri. Ni sawa na kuwaita kuku wote majogoo kisha kuomba mayai. Alisema pia kwamba miaka mia na kitu baadaye alikuja mwanajeshi mmoja Mrusi, msafiri, akawakuta drong porini, akaona hawaguni ovyo kama wetu, naye akampa drong jina lake: ng'ombe bubu. Na juzi juzi tu, miaka ya elfu mbili, wataalamu wa majina walikaa kikao rasmi, wakaamua mnyama wa porini abaki na ububu wake, ingawa jina la mgunaji ndilo lililotangulia.

"Kikao kizima?" nikasema. "Shemeji yangu humaliza hilo jambo kwa nusu siku, tena anasokota."

Ningeishia hapo ningekuwa mtu mwenye heri. Lakini ulimi hauna mfupa, na msichana alikuwa anaandika kila nilichosema, jambo ambalo halijawahi kunitokea. Nikasema, "Huyo bubu wako, mwanangu, tunaye hapa. Pua-Jivu. Hajaguna tangu dunia iumbwe. Drong mtupu."

Akainua kichwa. "Drong kamili? Au mama yake wa kufugwa?"

Hapa lazima nieleze kitu. Kwetu mtu akisifu fahali, waliokaa naye huongeza. Ni adabu. Ukikaa kimya mwenzio anaposifu, umemtukana yeye na fahali na nyumba yake. Na anayesifu naye hawezi kurudi nyuma, akiulizwa, hupandisha.

"Mama gani?" nikasema. "Alishuka mwenyewe kutoka kaskazini. Akatupenda, akabaki."

"Nilimwona kwa macho yangu akishuka," Dargye akaongeza. Huyo Dargye siku Pua-Jivu alipozaliwa alikuwa kwao anaumwa tumbo.

"Akiteremka ardhi ilitetemeka," akasema wa tatu. Wa nne akasema ana mbavu kumi na tano kila upande, kumzidi yaki wa kawaida kwa moja, amezihesabu. Wa tano, ambaye hana akili nyingi, akasema anakula theluji tu.

Sirjana akaenda na darubini yake akamtazama Pua-Jivu kwa muda mrefu. Pua nzima, haijatobolewa. Masikio hayana alama. Mgongo hauna kovu la tandiko. Akarudi uso unang'aa, akafunga daftari. "Wazee wangu, hamjui mmenifurahisha kiasi gani. Drong nchini humu wanahesabika. Huyu akiandikwa, analindwa na sheria. Hakuna atakayeruhusiwa kumfunga, kumtumikisha wala kumwita wake. Nitaomba watu waje kabla ya theluji, wamrudishe kaskazini alikotoka."

Chai ilinipoa mkononi. Wale wanne walikumbuka ghafla kwamba wana kazi makwao.

Lhazom aliposhuka na ndoo zake nilimweleza yote. Sikupunguza kitu, maana ningepunguza angesikia kwa Dargye. Aliweka ndoo chini taratibu, akanitazama.

"Mwaka ule niliwaambia wakurudishe kwenu."

"Shemeji, nilikuwa nakusifia fahali."

"Ulikuwa unajisifia wewe. Miaka sitini unayo, ndevu unazo, anakuja mtoto wa watu na kalamu unaota mkia!" Akakaa juu ya jiwe lake. Hakuchukua pia. "Nitavuka na nini sasa? Nitatanguliza nini kwenye theluji? Utatangulia wewe na huo mdomo?"

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na mwiba huu ulimchoma mwingine kabisa.

Asubuhi yake nilikwenda kwa Sirjana nikavua kofia. Nikamwambia nilidanganya: fahali ni wa shemeji yangu, mama yake ni Mpiga-Domo, yule pale anayepiga kelele. Nikamlazimisha Dargye naye aseme. Dargye akasema alichokiona kikishuka siku ile huenda kilikuwa wingu.

Sirjana hakukasirika, na hilo liliniumiza zaidi. "Mzee, jana watu watano mmeniambia hivi, leo mnaniambia vile, baada ya kusikia habari ya sheria. Niandike lipi? Nani mwingine alikuwepo akizaliwa?"

"Mimi," Lhazom akasema.

"Peke yako, mama?"

"Na mvua ya mawe."

"Na huyu fahali kukaa na majike yako hakuthibitishi kitu. Huu ni msimu wao, drong hushuka akakaa na majike ya watu wiki nzima, mnalijua hilo kuliko mimi." Sirjana akajikuna paji la uso. Alionekana kweli hapendi anachokisema. "Sitaki kukuonea. Yaki wa kufugwa huita watu wake. Anaguna ule mguno wa chini, wa kuulizia. Drong akikasirika naye hupiga kelele, lakini mtu hamuiti. Nikimsikia huyu anamwita mtu, hata mara moja, kwa masikio yangu, nitakuwa na cha kuandika. Najua si kipimo kizuri. Lakini mmeniacha na kipimo gani kingine? Na kesho alfajiri naondoka."

Basi siku ile bonde zima liligeuka kuwa shule ya kumfundisha fahali kuguna.

Dargye ndiye aliyeanza. Alisimama mbele yake akaguna yeye, tena vizuri, mpaka dri watatu wakamjibu na mmoja akamfuata. Pua-Jivu akamtazama kwa huruma. Wakaletwa ndama, wakalia kama yatima, akawapa kisogo. Akaoneshwa chumvi ikafichwa. Akasubiri, yeye hana haraka. Yule wa tano, asiye na akili nyingi, akapendekeza tumvute mkia, na kwa kuwa kosa lilikuwa langu wakakubaliana nivute mimi. Nilivuta. Sikumbuki vizuri kilichofuata, ila nilijikuta nimekaa kwenye kijito, maji ya theluji yamenifika kiunoni, na watoto wanashangilia.

"Shemeji, ameguna?" nikauliza.

"Umeguna wewe," Lhazom akasema.

Mchana ukapita. Watu walikuwa wamejaa ukingoni mwa zizi na vibuyu vya pombe ya shayiri, kila mmoja na dawa yake. Mmoja alileta ngoma. Mwingine akasema apigwe kombeo la mawe kwenye mbavu, zile kumi na tano. Hapo Lhazom aliinuka.

"Basi," akasema. "Tokeni."

"Lakini shemeji, jua linakwenda..."

"Nimesema tokeni. Mnyama ameniheshimu miaka minane, mimi nisimame hapa nitazame mkimgeuza kichekesho? Dargye, ingiza dri wote zizini, ufunge. Yeye mwache nje."

Tukafanya. Pua-Jivu alibaki nje ya ukuta wa mawe, pua juu, akiwanusa wake zake kumi na wawili waliokuwa ndani. Alikuwa katika kilele cha msimu wake. Dume wa namna ile, wakati ule, hata mlima haumwondoi penye majike.

Lhazom aliingia hemani, akatoka amevaa joho lake la safari na mfuko wa chumvi begani. Akachukua njia ya kusini, ile ya kipito.

"Shemeji, unakwenda wapi?"

"Kwa Chhimi."

"Kwa Chhimi Kathmandu?"

"Kuna Chhimi mwingine? Nimeahidi. Kama huyu ni drong, mimi nakaa hapa nafanya nini? Mtauza hao wengine mniletee fedha." Na akaenda, hakugeuka.

Watu walicheka mwanzoni. Mmoja akapaza sauti, "Bibi, dume gani ataacha wake kumi na wawili akufuate wewe?" Lakini Lhazom aliendelea kutembea, na kicheko kikaisha chenyewe. Alipita kijito. Alipita mawe ya sala. Kila hatua alizidi kuwa mdogo, na mgongo wake, ambao sijawahi kuuona umepinda, niliuona umepinda. Sirjana alikuwa amesimama karibu nami, kalamu mkononi, anajing'ata mdomo. Niliogopa. Sina neno zuri zaidi ya hilo. Niliogopa kama nilivyoogopa siku kaka yangu alipoacha kula, na nikasimama pale pale kama nguzo.

Pua-Jivu alimtazama. Akawatazama dri. Akamtazama tena Lhazom, sasa ameshafika pale njia inapokunja nyuma ya mwamba, hatua kumi zaidi asingeonekana.

Ndipo akaguna.

Ulikuwa mguno mbaya, umekwaruza, kama bawaba ya mlango usiofunguliwa tangu ujengwe. Akaguna tena, chini zaidi, mrefu, na safari hii mwishoni ulipanda kidogo, kama mtu anayeuliza. Mpiga-Domo ndani ya zizi akamjibu kwa kelele za ajabu, nadhani ni furaha ya mzazi. Pua-Jivu akatoka ukutani. Akatembea hatua arobaini kumfuata Lhazom, akasimama, akageuka kuwatazama majike, akarudi hatua kumi, akasimama tena, anaguna huku na anaguna huku, kama mwanamume aliyeitwa na nyumba mbili kwa wakati mmoja. Lakini uso wake alikuwa ameuelekeza njiani.

Lhazom alikuwa amesimama penye mwamba, ametupa kisogo. Kisha akaanza kurudi.

Dargye alitupa kofia yake juu. Watu walipiga miluzi, mwenye ngoma akakumbuka kwamba ana ngoma. Sirjana alikuwa anaandika haraka huku machozi yanamdondokea daftarini, akijifanya ni upepo. Lhazom alipofika, fahali alimsukuma kifuani kwa ile pua ya kijivu hadi akayumba, akatia ulimi wake, unaokwaruza kama msasa, moja kwa moja ndani ya mfuko wa chumvi.

"Nimeandika wa kufugwa, mama," Sirjana akasema. "Mgunaji. Amezaliwa zizini kwako. Niandike mwenye mnyama ni nani, jina lako kamili?"

"Usiandike nina yaki," Lhazom akasema. Alikuwa bado anahema. "Andika yeye ana mtu. Na huko kwenu waambie, yule wa juu naye si bubu. Anaishi peke yake kule kwenye mawe, amwite nani?"

Sirjana aliiandika hiyo pia. Sijui aliipeleka kwenye kikao gani.

Watu walipoanza kutawanyika kwenda kumalizia pombe yao, Lhazom alikuja pale nilipokuwa nimesimama. Nilikuwa sijasogea. Maji ya kijito yalikuwa yameanza kuganda kwenye suruali yangu.

"Nilidhani unaondoka kweli," nikamwambia.

"Nilikuwa naondoka kweli." Akafunga mdomo wa mfuko wa chumvi, akaufungua, akaufunga tena. "Nilipofika kwenye mwamba nikasema, mmoja tu akiniita, nabaki. Yaki ameniita. Mnyama asiyejua kusema. Na wewe pale, na maneno yako yote ya miaka arobaini na moja, umesimama tu."

Akageuka kwenda hemani kwake, fahali akimfuata nyuma.

"Lhazom," nikaita.

Nilikuwa sijawahi kumwita hivyo. Si siku hata moja. Sauti ilinitoka mbaya, imekwaruza, na Dargye kule mbele aligeuka kutazama ni mnyama gani tena.

Lhazom alisimama.

"Abee," akasema. "Njoo basi ubebe chumvi."